Kuchangia opensosi kunakufundisha nini hasa, na kwa nini PR yako haijibiwi

Uliza popote pale ufanyeje ili ukue kama developa, utajibiwa kitu kilekile: changia opensosi (open source), yaani programu huria ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha. Basi, maelezo yameishia hapo. Mtu anaingia GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, anafungua repo kubwa, yaani hifadhi ya mradi, yenye mafolda hata hayajui yanaanzia wapi, anapanda anashuka, kichwa kinamuuma, mwisho wa siku anarekebisha herufi moja iliyokosewa kwenye README, lile faili la maelezo ya mradi, halafu anakaa anasubiri ujuzi uingie. Hauingii. Na siyo kwamba ushauri ni mbovu, ushauri ni mzuri sana tu, shida ni kwamba watu hawaelezi huo ujuzi unatokea wapi, maana kule hakuna mwalimu wala silabasi na wale unaowakuta hawakuja kukufundisha, kila mtu ana lake.

Mimi msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya unachojifunza siyo kuandika msimbo. Kuandika utajifunza hata peke yako chumbani. Unachojifunza kule ni kusoma msimbo ulioandikwa na watu usiowajua, na kumshawishi mtu asiyekujua akubali badiliko lako dogo liingie kwenye kitu anachokilinda. Ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa, hata zile lawama za "nimetuma PR mwezi mzima hawajanijibu" (PR ni pull request, ombi la kuingiza badiliko lako kwenye mradi) utaona zina sababu zake.

Tuanze na leseni. Najua inachosha ila vumilia kidogo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huria, mwaka 1983, Linus Torvalds akaja na kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, mwaka 1991, na jina la open source lenyewe limeanza kutumika 1998, ile taasisi ya Open Source Initiative nayo ikaundwa mwaka huohuo. Kinachofanya mradi uwe huria siyo kwamba msimbo unaonekana mtandaoni, ni leseni iliyowekwa mle ndani. MIT ni fupi, inakuruhusu karibu kila kitu mradi tu usifute tangazo la hakimiliki. GPL inakuruhusu pia kutumia na kubadilisha ila ukisambaza toleo lako ulilolibadilisha lazima utoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Repo isiyo na leseni kabisa, hata kama iko wazi dunia nzima inaiona, kisheria bado ni mali ya mwenyewe na wewe huna ruhusa ya kuitumia utakavyo.

Sasa angalia leseni inasema nini na haisemi nini. Inakupa haki ya kuchukua nakala, kuivuruga, kuijenga upya, kuisambaza. Haikupi haki ya kukubaliwa. Hakuna leseni hata moja inayomlazimisha mentena, yaani yule anayeutunza mradi, asome PR yako wala akujibu wala aseme asante. Watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili, wanadhani uhuru wa kutumia ni sawa na uhuru wa kuingiza. Siyo. Ndo maana kuna foku, nakala yako mwenyewe unayofanyia unachotaka, halafu kuna mradi wa asili ambao una wenyewe, na PR ni ombi tu, unabisha hodi.

Mtiririko wa kazi wenyewe ni mwepesi kuliko unavyotisha. Unafoku repo, unaivuta kwenye kompyuta yako, unafungua tawi jipya (mstari wa pembeni wa kazi yako), unabadilisha, unafanya komiti (unalihifadhi badiliko kwenye historia), unasukuma kwenye foku yako, unafungua PR, mashine za mradi zinaendesha majaribio zenyewe, binadamu anakuja kusoma, mnajadiliana, mwisho inamejiwa, yaani inaunganishwa na mradi, au haimejiwi. Git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo, Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa sababu watu wa kernel walikuwa wamepoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kazi hiyohiyo, kwa hiyo imezaliwa ndani ya opensosi na tabia zake nyingi zimetokana na hiyo kazi. GitHub ilikuja baadaye, 2008, na siyo kila mtu yuko huko, kernel ya Linux mpaka leo inapokea mabadiliko kwa barua pepe. Ipo miradi inayotaka kila komiti iwe na laini ya Signed-off-by, unaiweka kwa git commit -s, maana yake unathibitisha una haki ya kutoa huo msimbo. Yote haya yanakuwa yameandikwa kwenye faili la CONTRIBUTING. Lisome. Wanaolisoma ni wachache mno, na ukilisoma tayari umeshawapita wengi.

Hapo kwenye kusoma msimbo ndo penye utamu, ngoja tushuke chini tuone kitu chenyewe.

Tuseme kuna kiprogramu cha Python unakitumia, kinasoma faili za CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi) na kuzigeuza JSON, muundo mwingine wa data. Siku moja unakipa faili lililotoka Excel, kinakufa na KeyError kwamba hakuna safu inayoitwa jina. Unafungua faili, unaiona hiyo hapo, jina, ya kwanza kabisa kushoto. Unachapisha majina ya safu moja moja, unaona jina. Unaanza kujiuliza kama macho yana matatizo. Halafu unachapisha orodha nzima kwa pamoja ndo inatokea '\ufeffjina'. Kumbe mwanzo wa faili kuna alama isiyoonekana, inaitwa BOM, baiti tatu EF BB BF ambazo Excel inaziweka ukichagua kuhifadhi kama CSV UTF-8. Safu yako haiitwi jina, inaitwa hiyo alama ikifuatiwa na jina.

Wengi wakifika hapa wanaandika laini moja kwenye msimbo wao ya kufuta hiyo alama na maisha yanaendelea. Ni sawa, haina ubaya. Ila anayetaka kujifunza anarudi kwenye mradi. Kwanza anatafuta kwenye isyu, yaani matatizo yaliyoripotiwa, wazi na zilizofungwa, kama kuna mtu ameshalisema hili. Mara nyingi yupo, ameandika "haifanyi kazi na faili langu" na hakuna la maana zaidi ya hapo, mentena akamuuliza utupe faili la mfano, kimya. Hapo tayari una mchango hata kabla hujagusa msimbo: unaandika komenti yenye faili dogo la laini mbili linalotoa kosa, toleo la Python, toleo la programu, na hizo baiti tatu. Kuna developa ana miaka kazini na hajawahi kujifunza kupunguza tatizo mpaka likabaki hivi, dogo kiasi kwamba mtu mwingine analiona kwa dakika moja. Mimi naona huu ndo ujuzi wenye faida kuliko wote kwenye hii habari nzima, na unaupata bila kuandika msimbo wowote.

Kisha unaingia ndani. Husomi repo nzima, hakuna mtu anasoma repo nzima, hata mentena mwenyewe kuna mafaili hajayafungua miaka. Unatafuta neno open(, linalofungua faili, kwa git grep, unapata sehemu tatu nne, unafuata ile inayosoma CSV, unakuta encoding="utf-8", yaani namna baiti zinavyosomwa kuwa herufi. Sasa kabla hujabadilisha uliza kwanza: kwa nini iko hivi? Git inajibu. git blame inakuonyesha kila laini iliandikwa na nani, kwenye komiti ipi. git log -S "utf-8" inakutolea komiti zote ambazo hilo neno liliongezwa au kuondolewa. Unakuta zamani hapakuwa na encoding kabisa, programu ilikuwa inafuata ya mfumo wa kompyuta, watu wa Windows wakalalamika herufi zinaharibika, mtu akaweka utf-8 kwa nguvu. Kwa hiyo hiyo laini siyo uzembe, ina historia, na ukiitoa bila kujua utawarudishia wale wa Windows tatizo lao. Huku kusoma historia kabla ya kugusa, kwenye miradi yako binafsi hutakujifunza kamwe kwa sababu historia yote unayo kichwani.

Dawa yenyewe unaipata haraka. Python ina encoding ya utf-8-sig, ikisoma na BOM ipo inairuka, kama haipo inasoma kawaida. Herufi nne tu unaongeza. Unafungua PR unaona kazi imeisha.

Haijaisha, na bora isiishe. Mentena anakuja na maswali. La kwanza, hii funksheni si ndo hiyohiyo inayotumika na kuandika? Unaangalia, kweli, na utf-8-sig ukiitumia kuandika inaweka BOM mwanzoni mwa faili, kwa hiyo umewaponya wasomaji wa Excel halafu umewamwagia alama isiyoonekana watu wote wanaotoa mafaili kwa hiki kiprogramu. La pili, je mtu akipitisha data kwa stdin, yaani moja kwa moja kutoka programu nyingine, badala ya kutaja faili? Hapo faili halifunguliwi na open yako, limeshafunguka, badiliko lako halimfikii. La tatu, jaribio liko wapi? Andika jaribio linalotengeneza faili lenye hizo baiti tatu, lihakikishe safu ya kwanza inaitwa jina, tena liendeshe kwanza bila marekebisho yako ulione linafeli, maana jaribio ambalo halijawahi kufeli hujui linapima nini. La nne, mbona PR ina laini 200 wakati umebadilisha moja? Ni edita yako imepanga upya nafasi za faili zima bila kukuuliza. Ondoa hayo yote, acha badiliko lenyewe.

Angalia hayo maswali manne vizuri. Hakuna hata moja lililohusu syntaksi ya Python. Yote ni kuhusu nani mwingine anatumia hiki kitu na badiliko langu litamfanya nini. Kozi nyingi hazifiki huku kwa sababu zoezi la kozi lina mtumiaji mmoja, wewe, na linafutwa wiki ijayo. Ukishaulizwa maswali ya aina hii kwenye PR kadhaa unaanza kujiuliza mwenyewe kabla ya kutuma, kimyakimya, na bila kutangaziwa na mtu umeshabadilika namna unavyofanya kazi.

Lugha ya riviu, yaani kupitia PR ya mtu, nayo ina wenyewe. Mwenzako akiandika nit maana yake ni jambo dogo, ukirekebisha vizuri, usiporekebisha hafi mtu. LGTM ni naona iko poa. Komenti kavu ya maneno matatu siyo ugomvi, ni mtu ana PR nyingine thelathini zinamsubiri na anaandika kwa simu. Jibu kila swali, usilotaka kulifuata eleza kwa nini, na usifunge mjadala aliouanzisha mwenzako kabla hajaridhika. Kuna riviu za dharau kweli zipo, siwezi kudanganya, na mradi wenye tabia hiyo unahamwa tu, miradi iko mingi.

Sasa ile ya kutojibiwa. Jaribu kukaa upande wa pili. Mentena wengi hawalipwi, wanafanya usiku baada ya kazi zao. Mwaka 2020 kwenye Hacktoberfest, ile kampeni ya kila Oktoba ya DigitalOcean iliyokuwa inatoa fulana ukituma PR nne, watu walifurika na PR za kuongeza maneno mawili ya sifa kwenye README, ilikuwa vurugu mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi ukiwa ndo umeanza, mradi uhesabiwe tu kama wenyewe wamejiweka ndani. Siku hizi kuna mafuriko mengine, ripoti na PR zilizoandikwa na AI na mtumaji hata hajaziendesha, Daniel Stenberg anayetunza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani mara nyingi kuhusu ripoti za usalama za uongo zinazomla muda wake. Kwa hiyo PR yako inapoingia anaangalia kwanza dalili: je huyu ameliendesha, ameelewa, atakuwepo nikimuuliza swali? Tumia AI ukitaka ikusaidie kuelewa faili geni, ni msaada mzuri tu, lakini kama huwezi kutetea kila laini kwa maneno yako usitume. Na kwa suala la kujifunza ndo kabisa, umemtuma mtu mwingine darasani.

Halafu kuna kisa cha xz cha mwaka 2024 ambacho kimewafanya mamentena wawe waangalifu zaidi, na wana haki. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwenye huo mradi wa kubana mafaili kwa zaidi ya miaka miwili, michango ya kawaida kabisa, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo, ndo akapenyeza mlango wa siri uliolenga SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kwenye baadhi ya mifumo ya Linux. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi anayehusika na hifadhidata ya PostgreSQL, baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde akakataa kupuuza. Nusu sekunde! Mimi kwenye hicho kisa nachukua vitu viwili, kwanza usishangae ukichukua muda kuaminiwa hata kama nia yako ni safi, pili udadisi wa Freund, wa kutoacha kitu kidogo kisichoeleweka kipite, ndo uleule unaoujenga ukihangaika na BOM.

Kuchagua mradi, ushauri wangu ni mmoja tu, chagua unachokitumia tayari. Siyo kikubwa, siyo maarufu, unachokitumia. Ukikitumia unajua kikifanya kazi kinaonekanaje, na mabagi, yaani kasoro, yanakujia yenyewe huhitaji kuyawinda. Kabla hujawekeza muda nenda kwenye PR zilizomejiwa karibuni uone kama kuna za watu wa nje au ni za wenyewe kwa wenyewe, na walijibiwa baada ya muda gani. Nyota ambazo watu wameupa mradi GitHub hazisemi chochote hapa. Zile isyu zilizowekewa lebo ya good first issue kwenye miradi mikubwa zinagombaniwa, ukichelewa kidogo kuna watu watano wameshaandika "naomba nipewe mimi" na hakuna hata mmoja aliyeleta kitu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huku hakuna wa kukupa jembe, unalichukua mwenyewe siku ya kwanza, na usilichukue lile ambalo kila mtu amelishika.

Jembe ambalo wengi hawalioni ni git bisect. Mtu ameripoti kwamba kitu kilikuwa kinafanya kazi toleo lililopita na sasa hakifanyi, katikati kuna komiti 1000. Unaiambia git ipi nzima na ipi mbovu, inakupeleka katikati, unajaribu, unasema nzima au mbovu, inagawa tena nusu, na ndani ya hatua kama kumi hivi umeipata komiti iliyovunja. Ukirudi kwenye isyu ukaandika "imeanzia komiti fulani" mentena anakupenda bure, kazi ngumu umeshaimaliza, na wewe umesoma badiliko moja halisi kwa undani kuliko ungesoma mafaili hamsini bila swali.

Nyaraka na tafsiri nazo ni michango, wala usimsikilize anayezidharau, ila zikufundishe lazima uandike kitu ulichokijaribu, mfano wa kwenye nyaraka uliouendesha mwenyewe ukakuta haufanyi kazi ukaurekebisha, siyo kuhamisha mkato. Wanaotaka kusimamiwa kabisa na mtu wa kuwauliza, kuna Google Summer of Code iliyoanza 2005 na kuna Outreachy, zote zinakupa mshauri na posho kwa miezi kadhaa, na kwenye zote mbili wale waliokwisha kuchangia kidogo kwenye mradi kabla ya kuchaguliwa ndo wana nafasi, Outreachy ni sharti kabisa.

Kuna ambayo opensosi haikufundishi. Haikufundishi kukaa na mteja asiyejua anataka nini, wala presha ya tarehe ambayo bosi ameshaitangaza, wala kuamka usiku kwa sababu seva imeanguka na watu wanapoteza hela. Ukienda kwenye usaili usijifanye inafundisha. Pia vile viboksi vya kijani kwenye profaili ya GitHub, vya kuonyesha siku ulizochangia, havimshawishi mtu anayejua, vinaweza kutengenezwa hata na skripti. Kinachoshawishi ni linki ya PR moja yenye mjadala mrefu, unamwonyesha mtu hapa niliulizwa hivi, nikagundua hivi, nikabadilisha njia.

Na PR ikikataliwa je? Inakataliwa sana, hata za wazoefu. Yule mentena wa kiprogramu cha CSV anaweza kusema hataki kabisa kushughulika na BOM, atumie mtumiaji encoding anayotaka, ataandika tu kwenye nyaraka. Ni mradi wake. Wewe leseni inakuruhusu kubaki na foku yako yenye marekebisho, ila ujue kila toleo jipya likitoka itabidi uyahamishie tena huko na kutatua migongano, baada ya mara kadhaa utaelewa kwa nini watu wanapigania badiliko liingie kwenye mradi wa asili badala ya kutembea na foku.

Kama umeajiriwa, kabla ya kutuma chochote soma mkataba wako. Kuna mikataba inayosema kila msimbo unaouandika ukiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni, mingine hata ule wa nyumbani wikendi, na ukiweka Signed-off-by kwenye msimbo ambao siyo wako kisheria umethibitisha kitu ambacho siyo kweli. Omba ruhusa kwa maandishi, barua pepe ya mistari miwili inatosha, na mabosi wengi wakiambiwa ni kurekebisha bagi kwenye laibrari ambayo kampuni yenyewe inaitumia hawana shida.